Bustani za Ofisini na Mapaa ya Kijani Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaotupigia simu sisi watu wa bustani za majengoni ni wa aina mbili: mwenye jengo anayetaka paa lake liote nyasi, na kijana aliyesomea kilimo cha bustani anayetaka kujua kama kazi hii inalipa. Majibu haya yanamlenga zaidi huyo wa pili. Wa kwanza akiyasoma naye ataelewa kwa nini tunamuuliza mambo mengi kabla ya kumtajia bei.

Kwani hii si kazi ya mtu wa shamba tu?

Mtu wa shamba mzuri ndiye nguzo ya kampuni yoyote ya aina hii, na usiajiri meneja kabla hujampata yeye. Ila kazi yenyewe imepanda ghorofa. Bustani ya Karen au Runda ina ardhi nyekundu yenye kina. Ukisahau kumwagilia wiki moja, mizizi inajitafutia maji chini. Juu ya paa la Upper Hill mmea una sentimita kumi za udongo, upepo wa mchana kutwa, na chini ya udongo huo kuna dari ya mtu mwenye kompyuta mezani. Ndani ya ofisi kuna taa zisizotosha na mashine ya hewa inayokausha majani. Kwa hiyo unauza ujuzi wa maji, uzito na mwanga. Mimea huja baada ya hayo.

Pesa iko wapi hasa?

Iko katika utunzaji. Kampuni changa nyingi huhesabu faida ya siku ya kupanda: mteja amelipa vyungu arobaini, picha zimepigwa, kazi imekwisha. Miezi miwili baadaye nusu ya mimea imenyauka, na jina linalotajwa ni lako, wala si la mtu wa usafi aliyekuwa akimimina mabaki ya chai chunguni.

Kuna njia tatu za kuuza. Ya kwanza ni kuuza na kuondoka. Ya pili ni kuuza kisha kulipwa kila mwezi kwa kutunza. Ya tatu ni kukodisha: mimea inabaki kuwa mali yako, mteja analipa kwa mwezi, na mmea ukidhoofika unauondoa na kuleta mwingine. Kwa ofisi, sisi tunapendelea kukodisha, mradi uwe na mahali pa kupumzishia mimea iliyochoka. Kipande kidogo chenye neti ya kivuli huko Kikuyu, Ngong au Ruiru kinatosha. Bila hapo mahali, kila mmea unaougua ni hasara kamili, ilhali mingi hupona ikiachwa kivulini kwa majuma kadhaa.

Kwa mapaa, hatuchukui kazi bila mkataba wa utunzaji wa angalau mwaka mmoja. Mteja akikataa, tunamwachia mwingine. Paa jipya linahitaji kupita masika, baridi ya Julai, vuli na kiangazi cha Januari ndipo ujue limeshika.

Nianze na mapaa au na vyungu?

Anza na vyungu. Paa moja lililoharibika linaweza kukumaliza. Chungu kikifa unakibadilisha Ijumaa.

Nitajuaje kama paa linaweza kubeba bustani?

Wewe hutajua. Atakayejua ni mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, tena baada ya kuona michoro ya jengo. Michoro ikiwa imepotea, na katika majengo ya zamani hupotea sana, ataamua vipimo gani vifanyike. Gharama yake iwe mstari wake katika makadirio yako, na ilipwe kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa udongo.

Hata hivyo unapaswa kujua hesabu, ili usimpeleke mteja mbali kwa ndoto. Majengo mengi ya Nairobi yalichorwa kwa kufuata viwango vya Uingereza, ambavyo huliwekea paa tambarare linaloingilika na watu mzigo wa takriban kilo 150 kwa mita mraba. Hizo ni za watu na viti vyao. Udongo wa kawaida wa shamba ukilowa hufika kilo 1,800 kwa mita ya ujazo na zaidi, kwa hivyo tabaka la sentimita kumi tu ni kama kilo 180 kwa kila mita mraba. Tayari umepita.

Chukua mfano wa baraza ya juu ya mita 5 kwa 8. Sentimita kumi za udongo juu yake ni mita za ujazo 4, yaani zaidi ya tani 7 mvua ikinyesha. Mchanganyiko mwepesi utashusha mzigo huo hadi karibu tani 4 au 5. Vyungu navyo visikudanganye. Chungu cha sentimita 60 kila upande, ambacho mteja anakiona kidogo na kizuri, kikijaa udongo uliolowa kinakaribia kilo 400. Vyungu vizito viwekwe juu ya nguzo au karibu na mihimili, kamwe si katikati ya slabu kwa sababu hapo ndipo picha inatoka vizuri.

Jambo jingine: tazama matangi. Landilodi akiongeza tangi la lita 10,000 ameongeza tani 10, na mara nyingi hakumwuliza mtu. Kama matangi yamekula nafasi ya uzito iliyokuwapo, bustani haina chake hapo.

Na paa la mabati?

Hapana. Weka bustani uani.

Tabaka za paa la kijani zinapangwaje?

Kutoka chini kwenda juu: slabu, yaani sakafu ya zege ya paa; skridi, yaani tabaka la saruji la kusawazisha, yenye mteremko wa asilimia 1 hadi 2 kuelekea matundu ya maji; tabaka la kuzuia maji, yaani membreni; kizuizi cha mizizi; kitambaa cha kinga; tabaka la kupitishia maji, ambalo huwa plastiki yenye vinundu; kitambaa cha kuchuja kisichopitisha udongo; udongo; mimea. Kuna wanaoruka kitambaa cha kuchuja ili kuokoa pesa. Udongo hushuka taratibu, huziba njia za maji, na paa linageuka bwawa.

Pembezoni mwa ukuta wa ukingo, na kuzunguka kila tundu la maji, acha ukanda wa changarawe wa sentimita 30 hivi usio na mimea. Kila tundu liwe na kisanduku chenye kifuniko unachoweza kufungua na kutazama. Aprili mvua inapomwagika usiku kucha, utakumbuka hicho kisanduku.

Hata sasa kuna mafundi wanaoshindilia udongo moja kwa moja juu ya lami ya paa. Ukiitwa kurekebisha kazi kama hiyo, usikubali kuongeza mimea juu yake. Ifumuliwe yote au uondoke.

Wateja wote huuliza: paa litavuja?

Litavuja kama lilikuwa linavuja, au kama mtu atalitoboa. Bustani iliyowekwa vizuri huilinda membreni dhidi ya jua kali na dhidi ya badiliko la joto la mchana na baridi ya usiku, mambo mawili yanayoipasua ikiwa wazi. Ila mvujo ukitokea chini ya udongo, kuutafuta ni kazi ya kufukua.

Kwa hiyo kuna jaribio moja lisilojadiliwa. Kabla ya udongo kupanda, ziba matundu, jaza maji yenye kina cha sentimita chache, acha saa 24 hadi 48, kisha kagua dari ya chini pamoja na mwenye jengo. Sentimita 5 za maji ni kilo 50 kwa mita mraba, basi mhandisi ajue na hilo. Piga picha zenye tarehe, mtie sahihi nyote. Karatasi hiyo imewahi kuokoa urafiki mwingi kati ya mtu wa bustani, fundi wa membreni na fundi wa bomba, ambao kila mmoja humnyoshea mwenzake kidole dari ikianza kudondoka.

Udongo gani unafaa?

Si ule mweusi wa Embakasi na Syokimau, unaonata wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, na si samadi tupu, ambayo huoza, hushuka na kukuacha na nusu ya kina ulichoanza nacho. Bahati yetu ni kwamba vitu vyepesi viko karibu. Naivasha kuna pumisi, mawe mepesi ya volkano ambayo wakulima wa maua wameyazoea. Pwani kuna makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo yafaa yasuuzwe kwanza kwa sababu hubeba chumvi. Mwea kuna maganda ya mpunga. Changanya pumisi kwa wingi, udongo mwekundu kiasi, mboji iliyoiva vizuri kidogo, kisha pima. Kupima ni rahisi: jaza ndoo ya lita 20 mchanganyiko wako, ulowanishe hadi maji yatoke kwa matundu ya chini, acha yachuruzike, weka kwenye mizani. Gawanya kilo kwa 20, zidisha kwa 1,000, na unayo kilo za mita ya ujazo. Peleka nambari hiyo kwa mhandisi.

Mimea gani inastahimili paa la Nairobi?

Watu husahau kuwa mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Jua la mchana ni kali, usiku wa Julai ni baridi, na mvua huja kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Kati ya misimu hiyo mmea lazima ujue kuishi kwa akiba. Shubiri za kwetu, kalanchoe, crassula, sedum, bulbine na portulaca hufanya vizuri kwenye udongo mfupi. Shubiri zinunuliwe kwenye kitalu; za porini zinalindwa na si za kung'olewa kando ya barabara ya Magadi. Nyasi ya kikuyu ni nzuri uwanjani, lakini juu ya paa mizizi yake hutafuta kila ufa. Miti ya familia ya mkuyu na mgumo usiifikirie kabisa. Ndege wataiotesha wenyewe kwa mavi yao, na kazi yako ni kuing'oa ikiwa na majani mawili.

Mwenye jengo akitaka sukuma wiki, managu na terere, mpe, ila mwambie mboga zinahitaji udongo wa sentimita 20 au zaidi na maji ya kila siku. Hiyo ni bustani nyingine yenye uzito mwingine.

Kuhusu vibaraza: Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, kwa hivyo mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, na Desemba upande wa kusini. Kibaraza kinachotazama kusini hukosa jua la moja kwa moja katikati ya mwaka, msimu mzima wa baridi, na mimea iliyopendeza Januari itakuwa imerefuka kama uzi kufikia Agosti. Uliza kinatazama wapi kabla ya kuchagua kitu.

Na ndani ya ofisi?

Zamioculcas, ambayo wengi huiita ZZ, ndiyo mwajiriwa wa kwanza. Ina akiba ya maji katika viazi vyake, huvumilia giza na usahaulifu, na watu wakiisifu kama mmea wa kigeni waambie humea yenyewe katika pwani ya Kenya. Sansevieria na dracaena nazo zina ndugu zao porini hapa hapa. Monstera na spathiphyllum zinahitaji mwanga zaidi na jicho la karibu. Panapofika watoto, kama kliniki au shule, kumbuka kwamba ZZ, monstera na spathiphyllum zikitafunwa huwasha na kuunguza mdomo.

Mimea mingi ya ofisini huuawa na maji mengi, hasa Julai na Agosti mawingu yakitanda na ukuaji ukilala. Bandika kibandiko chunguni: *Tafadhali usinimwagilie, nina mtu wangu.* Kinafanya kazi kuliko barua kwa meneja.

Mbona ncha za majani ya dracaena zinaungua hali namwagilia vizuri?

Uliza maji yanatoka wapi. Visima virefu vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, ile ile inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno, na dracaena, chlorophytum na spathiphyllum huichukia. Hujikusanya kwenye ncha za majani na kuzikausha. Dawa ni maji ya mvua, au maji ya kaunti yakipatikana, na mbolea isiyo na superfosfati, kwa kuwa hiyo nayo hubeba floridi. Ukishindwa na maji, badilisha mmea. Fundi asiyejua hili atanyunyizia dawa ya kuvu miezi sita.

Mgao wa maji nitaupangaje?

Usitegemee bomba la kaunti kwa kitu chochote kilicho juu ya paa. Mtaa ukipata maji siku mbili kwa wiki, siku hizo wapangaji wanajaza ndoo, na hakuna atakayeielewa bustani yako. Omba tangi la pekee la mvua, mabomba ya matone yenye taima, na mita ndogo ili mwenye jengo aone bustani imetumia kiasi gani. Ikiwa anapanga kuchimba kisima, anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Hilo ni lake, si lako. Na tangi la mvua lifunikwe kwa wavu mzito, la sivyo umefuga mbu.

Niwaambie wateja kwamba mimea husafisha hewa?

Usiwaambie. Habari hiyo ilitokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989 uliofanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Uchambuzi uliochapishwa 2019 ulikadiria kwamba ili mimea ishindane na hewa inayopita kwa kawaida katika jengo, ungehitaji kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita mraba ya sakafu. Hapo wafanyakazi wangekaa wapi? Mwambie mteja ofisi itapendeza na watu wataifurahia. Inatosha, na ni kweli.

Na kwamba paa la kijani huzuia mafuriko?

Hupunguza kasi ya maji. Sentimita kumi za mchanganyiko mwepesi zikiwa kavu zinaweza kushika takriban lita 30 kwa mita mraba. Mvua ya milimita 50 hushusha lita 50. Nyingine zitatoka, ila polepole. Mvua ikifuatana siku baada ya siku, kama ilivyokuwa Aprili 2024, udongo tayari umejaa na paa halisaidii sana. Na wakiuliza kuhusu kupunguza joto, anayefaidi ni wa ghorofa ya juu kabisa. Wa chini hatahisi lolote.

Karatasi gani zinahitajika?

Sajili jina au kampuni kupitia eCitizen, chukua PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru, na kibali cha biashara cha kaunti. Mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, unalazimika kujisajili kwa VAT, ambayo ni asilimia 16. Wafanyakazi wana NSSF ya pensheni, makato ya SHA ya bima ya afya ya asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kwao na 1.5 kwako. Bima ya ajali kazini chini ya WIBA, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ya 2007, usiiahirishe, maana watu wako wanafanya kazi ukingoni mwa ghorofa. Mmea wa kuagizwa kutoka nje unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla haujapakiwa.

Panapouma ni eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi unapohesabu ushuru wa mapato. Sasa nenda kwa mama wa kitalu kando ya Kiambu Road mwenye mimea mizuri kuliko wote mjini, umwombe eTIMS. Uliza KRA juu ya utaratibu wa mnunuzi kuanzisha ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo, umsaidie kuufuata. Kumkimbia kwa ajili ya duka kubwa lenye mimea dhaifu ni hasara maradufu. Ila jua pia kwamba vitalu vingi viko kwenye hifadhi ya barabara na vinaweza kuondolewa notisi ikitolewa, basi usitegemee kimoja.

Bei niipangeje?

Watu hukosea kwa kuzidisha bei ya mmea mara mbili. Mmea ni sehemu ndogo. Andika: mhandisi, membreni kama ni yako, udongo, usafiri, kupandisha, maegesho, mimea ya akiba ya kubadilishia itakayokufa, ziara za utunzaji, ushuru. Kupandisha ndiko kunakoumiza. Majengo mengi hayaruhusu udongo katika lifti ya wageni. Utapewa lifti ya mizigo Jumamosi alasiri au usiku, na lifti hiyo ikiharibika mifuko mia tatu itapanda ngazi mgongoni. Nenda ukaione lifti kabla ya kutaja bei.

Wateja wakubwa huchelewa kulipa. Nifanyeje?

Chukua malipo ya awali yanayofunika vifaa vyote, hata kama umepewa LPO, yaani hati ya mteja ya kuagiza kazi. LPO hainunui pumisi. Utunzaji utozwe mwanzoni mwa mwezi, na mkataba useme wazi kwamba malipo yakichelewa siku kadhaa ziara zinasimama. Kwa mkandarasi mkuu wa ujenzi, uliza mapema sehemu ya malipo itakayozuiliwa hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, maana bustani huwekwa mwisho, bajeti ikiwa imekwisha liwa na vigae.

Tatizo hili si geni. Wangari Maathai mwenyewe, kabla ya kuanzisha vuguvugu la Ukanda wa Kijani (Green Belt) mwaka 1977, alikuwa na kampuni aliyoiita Envirocare, yenye kitalu ndani ya msitu wa Karura, akikusudia kuwapa watu ajira ya kupanda miti. Ilikwama kwa ukosefu wa fedha. Kama yeye alikwama, wewe omba malipo ya awali bila haya.

Kima wameshuka kutoka Karura wakala kila kitu. Mnatoa dhamana?

Kwa ugonjwa na makosa yetu, ndiyo. Kwa kima, tumbili, mvua ya mawe na wapangaji wanaoanika nguo juu ya shubiri, hapana, na imeandikwa katika mkataba. Nyumba zilizo karibu na msitu hatuwapandii chochote chenye tunda wala ua tamu. Rosemari na shubiri huachwa mara nyingi, ingawa kima mmoja mwenye udadisi ataing'oa tu aone kilichoko chini.